Siku Niliyowalisha Wageni Udi wa Mama

Mkiniona nacheka ninaposimulia haya msidhani aibu imekwisha. Haijaisha. Mpaka leo nikikutana na imamu wa msikiti wetu natazama chini kama nimeangusha sindano, na hapa Makorora kuna nyumba nikienda na sahani huulizwa kwanza kama nimeleta cha kula au cha kufukiza. Naitwa Zuhura, ni mwalimu wa shule ya msingi, nina akili zangu timamu, na Idi iliyopita niliwalisha wageni udi.

Lazima nianze na mama, maana bila yeye mtaniona chizi tu. Mama alikuwa hanunui udi, anaupika mwenyewe: anachemsha sukari mpaka iwe nzito, anatia unga wa sandali na vijiti vya udi alivyovitwanga na mafuta ya manukato aliyoyaficha hata mimi sijui yalikokuwa yakikaa, kisha anaumwaga kwenye sinia, ukipoa anaukata. Wenzake walifinyanga vidonge, yeye akikata vipande vya mraba, sawa sawa, vyeusi vyeusi, unaweza kudhani ni peremende. Kwa joto la Tanga udi wa sukari hutoka jasho ukaganda wote pamoja, kwa hiyo alikuwa akiuweka kwenye friji, ndani ya kopo tupu la siagi (na nyinyi mnajua makopo ya siagi ya mama zetu, unafungua unatafuta siagi unakuta pilipili, vifungo au dagaa).

Mama alifariki mwaka juzi, wiki chache kabla ya Ramadhani. Kopo lake la mwisho lilikuwa limebaki nusu. Baba akalisukuma nyuma kabisa ya friji na hakuna aliyeligusa, Idi ya kwanza ikapita nyumba imefungwa madirisha, wageni hatukupokea, na baba tangu siku ya arobaini hakulitaja jina la mama hata mara moja. Alikuwa akila, akienda msikitini, akirudi, akikaa. Mimi nami nilinyamaza, kwa sababu niliogopa asije akalia, na nilijua akilia yeye nami nitashindwa kumtuliza.

Sasa mwaka jana, zikiwa zimebaki siku tatu tufungue, tumemaliza kufuturu, akaniambia bila kunitazama, "Zuhura, Idi hii nitakuja na watu nyumbani baada ya sala. Udi wa mama yako nitaufukiza mwenyewe." Nikasema sawa baba. Nikaingia jikoni nikafungulia bomba ili asinisikie.

Hilo ndilo jambo lenyewe, wenzangu. Hakutaka pilau, hakutaka kanzu mpya. Alitaka Idi moja nyumba inukie mkewe.

Mimi kwa wazimu wangu nikaona nami nifanye kitu. Mama siku za Idi alikuwa anakaanga visheti na kaimati za kugawa mtaani, mimi mkono huo sina, kaimati zangu unaweza kuzirushia kunguru. Nikakuta kwenye simu video ya dada mmoja mwenye kucha ndefu anatengeneza chokoleti ya kukata, bila oveni, bila kukaanga, anasema hata mtoto anaweza. Unayeyusha chokoleti pamoja na maziwa mazito ya kopo na kijiko cha siagi juu ya maji ya moto, unakoroga, unamwaga kwenye trei, unaweka kwenye friji, unakata vipande. Nikaipenda. Nikanunua vitu, na siku ya ishirini na tisa mchana, mwezi hata haujaandama, nikaanza kukoroga.

Hapo mjue mambo mawili. Kwanza nilikuwa nimefunga, kwa hiyo sikuonja hata kwa ncha ya ulimi. Pili, mafua yalikuwa yamenikamata tangu mwanzo wa kumi la mwisho la Ramadhani, pua zote mbili zimezibwa, ungeniwekea mbele yangu papa mkavu na marashi nisingejua kipi ni kipi. Lakini macho yalikuwa mazima, na kwa macho ile chokoleti ilipendeza, ikaganda vizuri, nikaikata vipande vya mraba kama nilivyomuona mama akikata udi (najivunia kabisa, mjinga mimi).

Baba akaingia na nguru wa sikukuu, samaki wa kujaza friji peke yake, ananiambia nitoe ile trei. Nikatafuta chombo. Chombo kilichokuwepo ni kopo tupu la siagi, ndugu yake lile la udi, rangi moja, kifuniko kimoja. Nikajiambia niandike juu yake, kisha nikaona ya nini, udi upo kushoto, chokoleti nitaiweka kulia, nitakumbuka. Hiyo ndiyo hatua ndogo iliyonimaliza. Maana nilipotoka kwenda kuoga, baba akatoa makopo yote mawili ili ampange nguru wake vizuri, akayarudisha, na mzee wa watu hakujua kwamba mimi nina mambo ya kushoto na kulia.

Asubuhi ya Idi, baba yuko kwenye sala, mimi nimebaki na mafua yangu na sufuria la pilau. Nikawasha mkaa wa chetezo. Nikachukua kopo la kushoto nikaliweka sebuleni pembeni ya chetezo, tayari kwa baba. Nikafungua la kulia nikapanga vipande kwenye sahani mbili, nikafunika kwa kawa, nikazipeleka mwenyewe kwa majirani: moja kwa Mama Neema, Mkatoliki wetu wa Lushoto anayetuletea viazi kila Krismasi, na nyingine, iliyojaa zaidi, kwa Bi Saumu wa nyumba ya mbele, aliyekuwa shoga wa mama tangu usichana wao. Vilivyobaki nikaviweka kwenye sinia kwa ajili ya wanawake wetu.

Haikupita nusu saa, simu ikalia, Bi Saumu kanitumia sauti yake. "Zuhura, nimefunua kawa nikalia. Hata mimi hukuninyima, mwanangu. Mungu akulipe, mama yako angefurahi." Nikaisikiliza mara mbili huku nageuza pilau. Nikajisemea, kumbe chokoleti yangu ni tamu hata ya kuliza watu wazima. Nikawaza na biashara kabisa.

Shangazi Mwanahamisi akafika kutoka Chumbageni, dada yake baba, mwanamke ambaye akikusifu unatakiwa uandike tarehe. Alikuja na wakwe zake wawili, tukasalimiana, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, wakakaa uani kwenye mkeka, nikawamiminia chai na kuwawekea sinia mbele. Shangazi akauma. Akaacha. Akauma kwa upande mwingine.

"Mbona ngumu?"

"Imetoka kwenye friji shangazi. Chovyeni kwenye chai, italainika."

Wakachovya wote watatu. Ikalainika kweli, ikayeyuka, maana ni sukari, chai ikawa na mafuta yanayong'aa juu kama dimbwi la gereji. Nikaona vinywa vinatafuna polepole, macho yanatazamana, nikadhani ni utamu. Nikawaongezea. Vipande vyote vya kwenye sinia vikaingia vikombeni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wasione haya.

Shangazi akakiweka kikombe chini. "Zuhura, mwanangu. Chai gani hii inanukia bibi harusi?"

Nikainama nikanusa. Hamna kitu, pua ukuta. Yeye akakitoa mdomoni kijipande kilichobaki, akakiweka kiganjani, akakileta karibu na pua, na uso wake ukabadilika, ule ukali wote ukamtoka. Akasema polepole, "Huu ni udi wa wifi yangu."

Kabla sijajibu nikasikia kukohoa sebuleni.

Wanaume aliorudi nao baba kutoka kwenye sala walikuwa wamekwisha kula, na baba alikuwa ameshika chetezo mwenyewe, anakipitisha kwa kila mgeni kama anavyofanya mwenye nyumba, akianza na imamu. Imamu alikuwa amekwisha kuipanua kanzu yake nyeupe juu ya chetezo ili moshi uingie vizuri. Kipande cha kwanza hakikutoa moshi, kilitokota. Baba akaona labda mkaa umepoa, akaongeza cha pili. Kisha cha tatu. Nilipofika mlangoni vyote vitatu vilikuwa vimefura na kushika moto, moshi mzito umejaa chumba, na tone moja likaruka likatua kifuani kwa imamu, kahawia, mahali pa kuonekana na kila mtu.

Wazee wakawa wanasema kwa adabu, macho yanawatoka machozi, "Mashaallah, udi mzuri, udi mzuri." Baba hakuwa anawasikia. Alisimama na kile chetezo akinitazama, na sikumbuki kuona uso wake vile hata siku ya mazishi.

"Umeharibika," akaniambia. "Niliuweka muda mrefu mno. Ningeufukiza mwaka ule ule ungekuwa mzima."

Ningeweza kunyamaza. Wallahi niliifikiria hiyo sekunde moja, aibu ibaki kwa friji. Lakini nilimuona anavyojilaumu, mzee mzima anadhani yeye ndiye aliyempoteza mkewe mara ya pili, nikashindwa. Nikasema mbele ya watu wote, "Baba, hiyo ni chokoleti."

Imamu ndiye aliyeuliza, kwa upole, huku akifuta kifua kwa leso na doa likizidi kupanuka, "Na udi uko wapi, binti yangu?"

"Wanawake wameunywa."

Mzee mmoja akacheka mpaka kofia ikamdondoka, wengine wakamfuata, imamu naye akashindwa kujizuia. Ningemezwa na ardhi ningeishukuru. Baba hakucheka wala hakugomba. Alikiweka chetezo chini taratibu, akachukua bakora yake, akatoka.

Mimi nikakimbia bila hata kubadili kanga ya jikoni, nikafikiria zile sahani mbili, labda kimebaki hata kimoja. Kwa Mama Neema nikamkuta amekaa mlangoni, amejishika tumbo. "Mdogo wangu, usiudhike," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Mimi nimekula viwili, Baba Neema akamaliza vilivyobaki ili tusikurudishie sahani na chakula ndani. Tulisema labda ndivyo vilivyo vitamu vya Kiarabu. Ila kila akibeua naona tuko misani." Nikamwambia ukweli. Akanishika mkono akaniuliza, "Ule wa mama?" Kisha tukalia wote wawili pale mlangoni, na mumewe ndani akabeua.

Kwa Bi Saumu sikuingia. Nilipofika mbele ya nyumba yake alikuwa amesimama mlangoni, akanionyesha kwa mkono nisiseme kitu. Yeye hakuula. Alipofunua tu alijua ni nini, akadhani nimeamua kumgawia shoga yake kilichobaki, ndiyo maana alilia, na akaanza kuuchoma. Barazani kwake baba alikuwa amekaa mbele ya chetezo, bakora imelala sakafuni. Alikuwa anapita njiani, hata hajui anakwenda wapi, harufu ikamsimamisha.

"Tia vyote, Bi Saumu," nikamsikia akisema. Naye akatia vyote.

Baba akaniona. "Kaa." Nikakaa. "Unausikia?"

"Siusikii, baba. Nina mafua."

Nilidhani sasa ndiyo atanigombeza, na nilikuwa nastahili. Badala yake akaanza kunieleza. Akasema unanukia nyumba yetu kabla haijawekwa milango, mama amening'iniza kanga mlangoni, ana miaka ishirini, anapita na chetezo chumba kwa chumba na vyumba vyenyewe ni viwili. Akasema unanukia shuka siku niliyozaliwa mimi. Akasema ukianza kuisha, kama sasa hivi, unanukia nywele zake zikiwa hazijakauka, na hapo jina la mama likamtoka mara ya kwanza, Mwanajuma, akalirudia, Mwanajuma alikuwa hivi, Mwanajuma alisema hivi, mpaka mkaa ukawa majivu na adhana ya alasiri ikatukuta pale pale. Mtu wangu wa kunyamaza mwaka mzima. Nilitamani kuvuta pumzi moja tu kama anayovuta yeye. Sikupata, ila niliyasikia yote kwa masikio.

Mafua yalipona keshokutwa yake. Nikaenda kwa Bi Saumu nikajifanya nimefuata sahani, nikanusa mito ya barazani, nikanusa pazia, akaniacha nimalize bila kuniuliza. Vyote vilikuwa vikinukia sabuni.

Chokoleti sijaipika tena na sitaipika, yule dada wa kucha ndefu nimemfuta kwenye simu, na friji yetu sasa kila kopo lina jina mpaka la chumvi. Nimejaribu udi mara nne. Sukari inaungua, au haigandi, baba ananusa ananiambia "umekaribia," na najua ananidanganya kwa huruma. Nanyi mnaonisikiliza hapa mnacheka, wenye mama zenu nendeni mkawaulize leo wanapikaje hivyo wanavyovipika, muandike. Mimi nilidhani muda upo.