Bao la Mama Mkubwa Haliendi Msasani

"Mama, si pambo tu? Itakaa ukutani, watu watakuwa wanaipiga picha."

Hivyo ndivyo kaka Talha alivyomwambia Mama Mkubwa, mama yake mzazi, kuhusu kompyuta yake ya zamani, huku anakula wali wake, hapa hapa Tandika, kwenye nyumba ambayo hiyo kompyuta imekaa tangu yeye hajazaliwa. Mie nilikuwa namenya vitunguu. Ni mkubwa wangu, siwezi kumgombeza, lakini machozi yaliyonitoka hayakuwa ya vitunguu peke yake.

Kaka Talha ni msimamizi wa wahudumu kwenye mgahawa mmoja wa Msasani. Bosi wake anapenda vitu vya zamani. Pasi ya mkaa ya Mama Mkubwa ilishaenda huko. Cherehani nayo ikafuata. Nimeiona kwenye simu, wameiwekea maua juu na kibao cha "usiguse". Cherehani nzima inayoshona! Sasa ikawa zamu ya kompyuta, na nafasi yake ilishatafutwa, ukutani kwenye korido ya kwendea chooni.

Mama Mkubwa hakugomba. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Talha, jambo dogo tu. Jumapili njoo. Ikisema, haitoki. Isiposema, chukua."

"Mama, ile si imekufa zamani?"

"Ndo nimekwambia. Njoo Jumapili."

Inabidi nieleze huyu Mama Mkubwa ni nani, maana mtaani wanamjua kama Mama Talha wa duka la kuweka nyimbo kwenye memori, basi. Jina lake ni Mwanaheri binti Mwishehe, dada wa mama yangu. Alipokuwa msichana, kila jioni wanaume walicheza bao barazani kwa baba yake. Yeye alikuwa mpeleka kahawa. Kila akipeleka anasimama kidogo, anaangalia, anaondoka. Akaujua mchezo mzima kwa kusimama kidogo kidogo namna hiyo. Siku moja uzalendo ukamshinda, akamwambia mzee mmoja, "Ukianzia hapo, nyumba yako inaliwa." Nyumba kwenye bao ni lile shimo kubwa linalotunza kete nyingi, ukiliwa hilo umekwisha. Mzee akaanzia hapohapo, akaliwa.

Unadhani walimpa kiti? Walimfukuza. Wakasema mtoto wa kike hana adabu, bao si lake, aende jikoni. Tangu siku hiyo kahawa ikawa inapelekwa na mtoto wa jirani, wa kiume, ambaye hata kete alikuwa hazijui. Mama Mkubwa ananisimulia haya anacheka. Mie sicheki. Mie kila akinisimulia natamani wale wazee wafufuke niwaulize swali moja tu.

Baadaye akapata kazi Kinondoni kwenye duka la kurekodi kanda. Mteja anakuja na kanda tupu, anataja nyimbo zake za taarabu, yeye anamrekodia. Miaka hiyohiyo kaka yake, Faraji, alikuwa baharia, na safari moja akarudi na kompyuta ndogo ya nyumbani, nyeusi, bapa, yenye vitufe vya mpira kama vifutio. Faraji aliichezea wiki moja ikamchosha, akamwachia dada yake.

Sikilizeni jamani. Kumbukumbu ya ile mashine ni ndogo kuliko picha moja unayotumiwa kwenye simu ukaifuta bila kuiangalia. Na ndani ya hiyo kumbukumbu Mama Mkubwa aliandika mchezo wa bao! Alikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichokuja na mashine, na kamusi, na jioni zake baada ya kazi. Hakufundishwa na mtu. Aliifundisha mashine kucheza bao kwa sababu hakuna binadamu aliyekubali kucheza naye. Mie nasoma kompyuta shuleni, kidato cha tatu, tupo arobaini kwenye mashine sita, na huwa nalalamika. Niliposikia hayo niliacha kulalamika wiki nzima, na watu wanaonijua wanajua hiyo si kawaida yangu.

Tatizo ni kwamba ile mashine ukizima umeme inasahau kila kitu. Kumbukumbu ya kudumu ilikuwa kanda ya kaseti, hizihizi za muziki. Unacheza kanda, inatoa sauti kama paka wanagombana ndani ya pipa, mashine inasikiliza ile kelele na kuigeuza kuwa mchezo. Na kanda yenyewe ilibaki moja. Redio kaseti ya nyumbani ilishakufa, mipira yake ya ndani imeyeyuka kama lami. Kwa hiyo bao zima, kazi ya ujana wake wote, lilikuwa ndani ya utepe wa kahawia usio na wa kuusoma. Hilo ndilo kaka Talha aliita pambo.

Tukaanza kazi. Kwanza ilibidi tupate redio nzima ya kaseti. Mzee Albano, jirani yetu, mwalimu wa kwaya parokiani, anayo moja anayoitunza kama mtoto. Alikuja nayo mwenyewe, hakukubali niibebe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usiiguse na mikono yenye mafuta, wewe."

Nikaunganisha waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye simu yangu ili nirekodi ile sauti. Mama Mkubwa akabonyeza. Paka wakaanza. Mzee Albano akaziba masikio.

"Mama Talha! Hii ni kwaya gani?"

"Sauti ya kwanza hiyo, Albano. Huna mtu wa kuifikia."

Simu yangu ikaimeza sauti yote. Nikachomeka waya kutoka kwenye simu kwenda kwenye tundu la sikio la kompyuta, lile inalosikilizia kanda, tukawasha TV ya chogo ya Mama Mkubwa, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, nikacheza. Mistari ya rangi ikaanza kukimbia pembeni mwa kioo. Nikapiga kelele. Halafu kompyuta ikaandika kwamba imeshindwa kusoma kanda. Tukarudia, ikashindwa tena. Nikapandisha sauti, nikashusha. Wapi!

Mama Mkubwa akasema nimpe sauti yenyewe aisikilize, si ya simu, ya redio. Akainamisha sikio kwenye spika, akafumba macho.

"Imeziba," akasema. "Imeziba kama mtu mwenye mafua. Albano, nipe bisibisi ndogo."

"Unataka kufanya nini na redio yangu?"

"Kichwa kinachosoma utepe kina skrubu pembeni. Deki yetu ya dukani, ile niliyorekodia hata kanda hii, kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo. Kila kanda iliyotoka kwetu, kwenye redio ya mwingine ilikuwa inaziba mpaka uinamishe kichwa kama chetu. Wateja walikuwaga wanarudi kugomba, namaliza na bisibisi."

"Mama Talha, nina kanda za kwaya tangu parokia inajengwa. Kichwa kikikaa upande zitaimba vipi?"

"Nitakirudisha. Nakuapia."

Mzee Albano alitoka nje ili asione. Mama Mkubwa akazungusha skrubu taratibu sana, robo, nusu ya robo, sikio kwenye spika. Na mie nilisikia, wallahi nilisikia: ile kelele ikafunguka, ikawa wazi kama mtu ameondoa chandarua. Nikarekodi upya. Kisha akakirudisha kichwa mahali pake, akamwita Mzee Albano na kumwekea wimbo wa kwaya yake mpaka akaridhika.

Tukajaribu tena kwa simu. Mistari ikakimbia, ikakimbia, tukashikana mikono, ikakaribia kabisa. Simu ikaita. Kaka Talha! Muito wa singeli ukaingia wote kwenye sikio la kompyuta, na kompyuta ikakata tamaa.

"Dogo, mwambie Mama Jumapili nakuja mapema, nna haraka."

Sitaandika nilichomjibu, mama yangu alishaniombea radhi.

Ningeweza kuzima mtandao, lakini Mama Mkubwa alitaka bao lisitegemee simu ya mtu. Hapo ndipo tukaamua kutengeneza kanda ya uongo, kitu ambacho kompyuta ikisikiliza itadhani ni redio kaseti, lakini hakiitwi na mtu, hakitumiwi ujumbe, hakina utepe wa kuliwa. Dukani kwa Mama Mkubwa kulikuwa na sabufa mbovu, zile zenye tundu la memori kadi mbele. Spika zimekufa ila kibao chake cha ndani, kinachosoma kadi na kutoa sauti, ni kizima. Nikakitoa, nikaunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha kama tulivyofundishwa kwenye klabu ya fizikia, nikaungua kidole, nikaunga tena. Mama Mkubwa alikata matundu kwenye kopo la siagi kwa kisu cha moto, tundu la kadi, tundu la vitufe, tundu la waya. Sauti ya bao nikaiweka kwenye memori kadi ikiwa nzima bila kuifinya iwe ndogo, kwa sababu wimbo ukiufinya sikio linasamehe lakini kompyuta haisamehi. Hilo nililijua baada ya kuharibu mara kadhaa.

Kuna kichekesho kimoja. Kile kibao cha sabufa kila ukikiwasha, mwanamke fulani wa ndani anapiga kelele kwa Kiingereza kwamba bluutuuth iko tayari. Kompyuta ilikuwa inamsikiliza na yeye, inachanganyikiwa.

"Mwache aseme yake amalize," Mama Mkubwa akaniambia, "halafu ndo tuanze sie."

Jumapili kaka Talha alifika na bajaji, na boksi, na blanketi la kuifungia. Bajaji ikabaki inanguruma nje. Hakukaa hata.

"Shikamoo, Mama. Haya, twende, jamaa ananisubiri."

"Marahaba. Subiri."

Lile kopo lilikuwa halijafikisha bao mwisho hata mara moja, umeme ulikatika Jumamosi kutwa. Nikakagua waya mara tatu. Nikawasha. Mwanamke wa bluutuuth akasema yake. Mama Mkubwa akaandika amri kwenye vitufe vya mpira bila kuviangalia. Nikabonyeza.

"Hilo kopo la siagi linafanya nini?" kaka Talha akauliza, akacheka. "Dogo, mtailipua nyumba."

Macho yetu yalikuwa kwenye kioo. Mistari ilikuwa inakimbia. Kaka Talha aliangalia saa, akaangalia mlango, akajibu ujumbe, akaniuliza kama kuna maji ya baridi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, na sijawahi kuona mtu anaangalia TV ya chogo namna ile.

Kelele ikakoma. Kioo kikawa cheusi. Nikasema moyoni, basi, imekwenda Msasani.

Halafu mashimo yakaanza kuchorwa, moja moja, polepole, safu nne, na chini yake maneno:

KARIBU BARAZANI. KAA. ANZA WEWE.

Mama Mkubwa aliweka mkono mdomoni. Mie nililia, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Kaka Talha alisogea mpaka mbele kabisa. "Duh! Kwa Kiswahili? Nani aliandika hii?"

"Mie," mama yake akasema.

"Mama acha utani bwana. Nani?"

Jamani! Mtu amelelewa humu ndani, amelishwa kwa mikono hiyo, na hajawahi hata mara moja kuuliza kile kitu cheusi juu ya kabati kazi yake ni nini. Alichokijua ni kwamba kitapendeza ukutani. Nikashindwa kujizuia.

"Kaka Talha, kakwambia ni yeye! Unataka akuletee mashahidi?"

"Shamimu," Mama Mkubwa akasema, si kwa ukali. Akamgeukia mwanawe. "Ni mie, baba. Nilianza kabla yako kuzaliwa. Ulipozaliwa ulikuwa unalala hapo pembeni, mie naandika."

Kaka Talha akaangalia kioo, akamwangalia mama yake. Akaligusa kopo la siagi kwa kidole. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Lakini nimeshawaahidi, Mama. Hawawezi kuichukua hivihivi ikiwa inafanya kazi? Hata watu wataipenda zaidi."

"Watacheza?"

Kaka Talha akaangalia blanketi lake. Sote tunajua hawatacheza. Wataiwekea kibao cha "usiguse".

Nje dereva wa bajaji akapiga honi. Kaka Talha akachukua simu, akatoka mpaka mlangoni, nikamsikia anasema, "Bosi, ile kitu haipo. Hapana. Ina mwenyewe." Akarudi mikono mitupu, akasimama katikati ya chumba, hajui aondoke au akae.

Mama Mkubwa alikuwa ameshachagua shimo la kuanzia. Mashine ikawa inafikiri, kete zinahama taratibu, na kutokana na alivyokunja uso niliona ameingia pabaya.

"Talha," akasema bila kugeuka, "kaa au utoke, lakini sogea hapo. Unaniziba."