Banda la Feza na Taka za Salongo

Feza hakupenda kuku. Alisema kuku hula kinyesi chake kisha anakutazama usoni, na katika hilo sikumpinga. Huyu ni mwanamke aliyepiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Lakini mumewe Asumani, fundi cherehani wa hapa kwetu Kamalondo, aliugua tumbo tangu Ramadhani, na kila alichokula kilirudi: ugali wetu wa bukari, samaki, hata uji. Yai la kuchemsha tu ndilo lililokaa. Basi Feza akafuga kuku wanane nyuma ya jiko.

Miaka ile ya chama kimoja, kila Jumamosi asubuhi ilikuwa Salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Citoyen Kasonde, yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana, mkubwa wa chama mtaani, alipita kukagua barabara, na barabara tu. Gari la taka hatukuwahi kuliona. Tulifagia mbele tukarundika nyuma, sote, nami nikiwemo. Feza alisukumia zake bandani mwa kuku, kwa kuwa lilikuwa na mlango: sombe, majani ya muhogo, iliyooza, majivu yaliyolowa, matumbo ya samaki.

Mayai matano kwa siku yakawa mawili, kisha hakuna. Asumani alikonda mpaka shati alilojishonea likamning'inia. Kaka yake alishauri kuku wachinjwe, eti wamezeeka. Wengine walisema ni jicho baya. Upuuzi mtupu.

Siku moja Feza aliingia bandani kwa hasira, akatia mkono katika kiota kutafuta yai. Alipoutoa, mkono wote ulikuwa unatambaa utitiri, mwekundu kwa damu ya kuku, unapanda kiwikoni. Alitapika pale pale mlangoni.

Jirani yetu Ngalula, aliyefuga kuku tangu utotoni, alimwambia bila kumung'unya maneno. Wadudu hao hujificha kwenye nyufa mchana, kuku wakilala huwanyonya. Kuku aliyekaushwa damu, anayelala penye unyevu na kunywa maji ya uvundo, atatagaje? Siku mbili Feza alikwangua banda, akamwaga maji ya moto kwenye nyufa, akachoma viota, akawawekea majivu makavu ya kujigaragaza na maji safi. Uozo wote akautoa mpaka barabarani.

Jumamosi ikafika. Kasonde alisimama mbele ya lundo, leso puani, akaamuru lirudishwe lilikotoka. Alisema ni matusi kwa chama.

"Citoyen, hii buchafu hairudie tena mu nyumba ya kuku," Feza akamjibu. "Bwana yangu ni mayai tu njo anakulaka."

Kasonde akatishia kumpeleka ofisi ya chama. Feza akaketi kwenye kigoda kando ya lundo, nzi usoni. Sisi majirani tuliinamisha vichwa, tukaendelea kufagia. Nikikumbuka, najichukia.

Jumamosi iliyofuata Ngalula akatoa lundo lake, nami nikatoa langu, na wengine wakafuata. Mtaa ulinuka mzoga. Jumatatu Kasonde akaleta lori. Kumbe lori lilikuwepo siku zote.

Wiki ya tatu kuku mmoja akataga. Asumani alikula yai lile polepole, Feza amesimama kando yake na ndoo, akingoja alirudishe. Hakulirudisha. Akafuta mdomo.

"Iko ingine?"

Feza akaiweka ndoo chini, akaenda bandani. Alipitisha mkono mtupu chini ya tumbo la kuku aliyelala kiotani, akauacha humo humo, akangoja.