Umeupima Ukuta

Jumapili. Asubuhi mvua ilipiga, adhuhuri likatoka jua kali, kuta za chokaa zikawa zinaumiza macho.

Mwanangu Salma, kamera ya mkanda uliyoniomba utaipata ukija kutoka huko Dar. Ila kila nikiitoa mkobani naikumbuka siku moja, na nataka uijue kabla hujaishika. Shule sikufika mbali. Nikieleza vibaya nisamehe.

Nilikuwa kijana, nnajifunza kupiga picha kwa Mzee Makame, hapa hapa Mkunazini. Akaja bibi mmoja wa Kizimkazi, anataka picha ampelekee mwanawe aliyeko melini. Akasimama na buibui lake mbele ya ukuta mweupe wa uani. Nikaona haya kumsogelea mke wa watu. Nikainyoosha mita, kile kidude cha kupimia mwanga, nikiwa kule mlangoni. Mshale ukapanda juu kabisa, nami nikaibana lenzi uingie mwanga kidogo tu.

"Umempima nani?" akauliza Mzee Makame.

"Huyu bibi."

"Umeupima ukuta. Mwanawe atapelekewa chokaa nzuri sana. Uso wa mamake atakisia."

"Naona haya, mzee."

"Haya ni adabu, sikukatazi. Basi mpe ajipime mwenyewe."

Akampa bibi mita aiweke shavuni, uso wake ukielekea kamera.

"Hiki kinapima homa?" bibi akacheka.

"Kinapima mwanga uliokufikia wewe, bibi. Bonyeza hapo, kisha nipe."

Mshale ukaganda chini, mbali na pale niliposoma mimi. Nisimdhulumu kijana niliyekuwa. Adabu ile ni yetu, na mpaka leo naipenda. Lakini kama si mzee, bibi yule angerudi Kizimkazi na kivuli.

Leo mkandani ilibaki picha moja. Nimempiga shangazi yako Zuhura, maana kesho anahamia Pemba kwa mwanawe. Tumekaa nyumba moja tangu mama yako afariki, yeye juu, mimi chini. Nikisikia anaburuta makubadhi yake darini, nasema, dada mzima, alhamdulillahi. Basi.

Leo nilipomsogelea kumpa mita nikaona mashavu yamebonyea, na jicho moja limeingia ukungu. Nikamuuliza, tangu lini?

"Ungepanda ngazi ungejua," akasema, wala hakuwa mkali. Akaiweka mita shavuni. "Haya, pima. Jua linahama."

Nimepima. Nikapiga haraka kabla jua halijahama, sijui kama picha itatoka.

Mwanangu, mwanga upime pale unapomwangukia mtu, usiupime pale uliposimama wewe. Ukuta mweupe hudanganya, na makubadhi ya darini hudanganya vile vile. Ukiona haya, omba ruhusa, lakini sogea. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndivyo tulivyoambiwa. Mimi naona na salamu ya mbali haimponyi mtu upweke. Labda naliandika hili kwa kuchelewa. Wewe bado una wakati. Mungu akupe macho ya karibu, na akuachie watu wa kuwatazama.

Jioni nimepika muhogo wa nazi, nikapanda nao juu, tukala sahani moja mimi na dada. Sufuria ilikuwa ndogo, hata ukoko tuligombania. Kesho sufuria hiyo hiyo itakuwa kubwa.