Pikipiki ya Theluji na Samaki wa Ammi Salim

Nimeaibika mara nyingi maishani, na nyingine mnazijua kwa sababu mlikuwepo mkicheka, lakini aibu ya kuwarushia wazee samaki wabichi katikati ya jangwa, wakiwa na kanzu zao nyeupe za Ijumaa, hiyo nadhani ni yangu peke yangu, na mpaka leo nikipita sokoni nikaona samaki amelazwa juu ya barafu huwa nageuza uso kama mtu aliyekutana na mama mkwe bila kutarajia.

Ilikuwa Riyadh, kipindi cha baridi. Nilikuwa dereva wa nyumbani: watoto shuleni, madam dukani, watoto kutoka shuleni, madam tena dukani kurudisha alichonunua. Shule mimi niliiacha mapema (mwalimu alikuwa anauliza maswali halafu anajijibu mwenyewe, nikaona nimwachie nafasi), lakini udadisi haukuniacha. Injini nilijifunzia kwenye gereji za malori pale Voi, nikaenda kushika spana Mombasa, nikahama, nikahama tena, hadi nikajikuta ugenini na ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, imeandikwa dereva. Neno hilo liliniuma, kwa sababu Nayef, mtoto mkubwa wa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa na gereji ya kuongezea magari nguvu, na kila nikimpeleka nilikuwa nabaki mlangoni nikinusa ile harufu ya grisi na mafuta, moyo unarudi Voi wenyewe bila kuniaga.

Sasa Nayef akaleta pikipiki ya theluji. Ndiyo, theluji, na hapo Riyadh mvua tu ikinyesha watu wanatoka nje kupiga picha. Ilikuja ndani ya kasha kutoka nchi ya baridi huko: mbele ina mbao mbili za kutelezea badala ya gurudumu, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno marefu, na katikati injini yenye turbo. Nayef alikuwa ameapa mbele ya binamu zake kwamba ataipandisha kwenye kilima cha mchanga. Fundi wake mkuu alikuwa likizo kwao Lahore. Siku hiyo nikamfikisha gereji, akanitazama jinsi ninavyoizunguka mashine kama paka aliyeona sufuria, akauliza, "Mwadime, turbo unaijua?"

Hapo ndipo ningesema, bosi, naijua ya lori. Badala yake nikasema, "Turbo ni turbo, bosi."

Akacheka, akanipiga bega. "Ikipanda kilima mbele ya baba, nitamwambia abadilishe ikama yako. Utakuwa fundi. Wallah."

Jamani, siku zile zilikuwa tamu. Kila nikimaliza kuwafikisha watoto nakimbilia gereji. Tuliitoa pampu ya mafuta tukaweka kubwa zaidi, tukabadilisha nozeli ili imwage mafuta zaidi, tukaifungulia turbo ipulize kwa nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani, tukaijaza mafuta ya mashindano yaliyokuja na pipa lake na harufu kama peremende. Tukiiwasha, mabati yote yanatetemeka, na mimi natetemeka pamoja nayo. Ijumaa nikienda mtaa wa Batha kukutana na Wakenya wenzangu nilikuwa natembea kama fundi tayari. Nilishaona kwamba ile mashine haina feni wala rejeta ya kueleweka ya kupozea injini (nikajisemea, hawa watu wa baridi wana mambo yao), nikaliacha swali hilo lipite, mimi ninayeuliza mpaka kwa nini ngamia ana nundu.

Halafu ikaja Ijumaa yenyewe. Asubuhi mapema Nayef akagonga mlango wangu.

"Yalla, pakia."

"Tunaenda wapi, bosi?"

"Mchangani. Baba yuko huko na wageni."

"Tumeshaijaribu mchangani?"

"Ndiyo tunaenda kuijaribu."

Mpango wenyewe ulikuwa huo, wote. Tukaifunga nyuma ya pikapu tukaondoka, jua linachomoza, yeye anaimba, mimi naona ikama mpya mbele ya kioo.

Kambini wazee walikuwa wametandikiwa mazulia nje ya hema, mito ya kuegemea, mabirika ya kahawa yamepangwa, na katikati, mahali pa heshima, Ammi Salim, kaka yake kafili, aliyetoka Jeddah. Ammi Salim alikuwa amekuja na zawadi yake: samaki aina ya najili, wekundu, wanene, wa Bahari ya Shamu, wamepakiwa kwenye barafu ndani ya sanduku jeupe ili nduguze wa bara waonje chakula cha watu. Jikoni alikuwa Zuhura, dada wa Mombasa anayefanya kazi nyumba moja na mimi, ambaye ndiye wa kuwapika. Aliniona nikishusha mashine akaja mbio.

"We kaka, umeielekeza matako kwa wazee?"

"Ili waione ikipanda."

"Haya. Mimi simo."

Nayef akawasha. Ikanguruma, wazee wakaacha mazungumzo, kafili akatabasamu (nilimwona, alitabasamu!). Ikasogea hatua chache mchangani, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukapanda, ukapanda. Nayef akanigeukia, jicho limemtoka.

"Mwadime! Joto!"

Hapo hapo ndipo lile swali nililoliacha lipite likarudi na jibu lake. Mashine ile hupozwa na theluji! Mkanda unazunguka, unarusha theluji juu, kwenye mabomba ya maji yaliyofichwa chini ya kiti. Hakuna theluji, hakuna kupoa. Nilifurahi kwa kuelewa, nawaambieni kweli, nilifurahi kama mtoto, kabla sijakumbuka kwamba tuko jangwani na wazee wote wanatazama.

"Subiri bosi, usizime! Naleta theluji!"

Nikakimbilia jikoni. Zuhura yuko upande wa pili anaosha mchele. Nikaona sanduku jeupe, nikafunua, barafu tupu juu, nikalibeba lote kifuani nikarudi mbio, nikalipindua mbele ya mkanda, likamwagika kama kitanda cha theluji, nikaruka pembeni nikapiga kelele, "Yalla, bosi, yalla!"

Na ndipo nikaona jicho. Jicho la samaki, limenitazama kutoka juu ya barafu, kama linaniuliza kama nina uhakika.

Nayef alikuwa ameshavuta mafuta yote. Pampu mpya, nozeli mpya, turbo, vyote vilifanya kazi nzuri kabisa siku hiyo, siwezi kuvilaumu. Mkanda ukang'ata barafu na kila kilichokuwemo, ukarusha nyuma. Najili wa kwanza alipita juu ya hema. Wa pili akaangusha birika la kahawa. Mwingine akatua kifuani kwa Ammi Salim, akateleza taratibu mpaka mapajani, akatulia hapo kama mtoto anayetaka kupakatwa, na barafu na mchanga vikawanyeshea wengine wote. Pikipiki yenyewe ilipanda hadi nusu ya kilima, nzuri, nzuri mno, halafu ikatoa moshi mweupe, ikalia mara moja kama chuma kinachovunjika, ikafa.

Ammi Salim akamwinua samaki kwa mkia.

"Huyu ni wangu?"

"Ni wako, ammi," nikajibu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejibu.

Kafili alijifuta ndevu, akasema neno moja tu. "Halas." Basi, imekwisha.

Nayef alishuka kilima kwa miguu akanipita bila kuniangalia, na hapo nikajua kwamba gereji imekwisha, ufundi umekwisha, ikama itabaki vilevile. Zuhura alikusanya samaki mmoja mmoja kwenye khanga yake ya jikoni, akawaosha, akawaosha tena, mchanga haukutoka. Mgeni wa Jeddah, aliyebeba samaki kutoka baharini, akalishwa wali na jodari wa kopo.

"Kaka," Zuhura akaninong'oneza, machozi ya kicheko yanamtoka, "hata Mombasa hawataniamini."

Walipomaliza kula Ammi Salim akaniita. Nilikwenda nimeinamisha kichwa. Dereva wake alikuwa amerudi kwao, na yeye alikuja akiendesha mwenyewe gari la mwanawe. Akamwambia kafili, "Huyu nipe mimi. Samaki amewarusha, samaki atawafuata sokoni." Wazee ndipo wakacheka, wote kwa pamoja, na kafili akacheka pia, na mimi nikahamishwa mji ndani ya kicheko hicho.

Kesho yake alfajiri Zuhura alinifungia chapati kwenye gazeti. Njia nzima hadi Taif, Ammi Salim alinifundisha majina ya samaki, na nikikosea anarudia mwanzo. Tulipoteremka mlima na kuingia Jeddah jioni nilishusha kioo, na ile hewa nzito ya chumvi ikanigusa uso, hewa ya Mombasa kabisa, nikasahau jina la samaki nililokuwa nalirudia. Ammi akaniona, akashusha kioo chake pia.

Nyumbani kwake mpishi, mzee wa Kisudani, akanipeleka ua wa nyuma akafungua mlango. Kitanda, dirisha, godoro safi. Na ukutani, linanguruma, jokofu refu kama jeneza.

"Chumba chako," akasema. "Hapa ndipo samaki wa mzee hukaa. Amesema usijali, mnajuana."

Nikaweka mkoba. Nikalizunguka lile jokofu mara moja, siwezi kujizuia, nikachungulia nyuma.

"Jokofu unalijua?" mpishi akauliza.

Nilitaka kusema jokofu ni jokofu.

"Hapana, mzee wangu," nikasema. "Kwanza nieleze, lenyewe linapozwa na nini?"