Miguu Isiyogusa Udongo

Jumanne asubuhi mke wangu alipokea simu akiwa katikati ya kukata kitambaa. Alisikiliza, akaweka mkasi mezani, akaniambia kwamba fundi wetu wa miguu amefariki. Alikuwa ameugua majuma mawili na sisi hatukuwa na habari. Wasomaji wa zamani wa safu hii huenda wanamkumbuka, maana niliwahi kumcheka hapa hapa: yule mchomeleaji vyuma mwenye karakana ya mabati kando ya barabara, hapa kwetu Bunia, aliyetumia siku tisa kufunga miguu miwili ya turubai ubavuni mwa gari. Niliandika kwa mbwembwe, na watu walinipongeza hadi sokoni. Leo naandika nikiwa na haya.

Gari lenyewe ni la aina ile ambayo mtu hulala na kupika humo humo. Wasafiri wawili wageni walioingia kutoka upande wa Uganda waliharibikiwa injini mjini kwetu, wakachoka kungoja vipuri, wakaniuzia; vipuri vilipofika baadaye, gari likatembea. Ndani lina kitanda na kabati. Nje, juu ya mlango, kuna turubai lililoviringishwa, ukilivuta linakuwa kibaraza, ila miguu yake ilikuwa imevunjika. Mke wangu hushona sare za shule. Alipoliona turubai lile aliona karakana inayotembea: leo soko la Nizi, juma lijalo Boga, cherehani iko kivulini, mtoto anapimwa na anaondoka amevaa. Alikuwa ametamani kitu cha namna hiyo tangu tuoane. Mimi niliona kitanda tu.

Miguu ya kwanza niliitengeneza mwenyewe, kwa sababu mimi ni mtu wa kujifanya najua. Nilichukua mabomba mawili ya maji na vigingi vinne vya chuma, tukaenda Nizi siku ya soko. Nilikuwa napigilia kigingi cha tatu wakati bibi mmoja mwenye jembe begani aliposimama mbele yangu na kuniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyenipa ruhusa ya kupima pale. Mtu wa Ituri hahitaji kuelezwa zaidi. Kwetu chuma kikiingia ardhini, maana yake kiwanja kimepata mwenyewe, na wote tunajua ugomvi wa mipaka umetufikisha wapi. Mimi nikaanza kumweleza habari za upepo na kivuli, nyundo iko mkononi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kujaa. Mke wangu ndiye aliyeng'oa vigingi. Alifukia mashimo kwa viganja vyake, akamwomba bibi msamaha, tukarudi Bunia bila kushona hata kifungo. Tulipofika alizikunja sare, akazirudisha kwenye gunia, akasema haendi tena soko lolote na gari liuzwe. Niliumia, maana nilijua nani amemharibia.

Nililipeleka gari kwa fundi nikitaka alitengeneze kidogo lipate mnunuzi. Akaniuliza kwa nini naliuza, nikamsimulia ya Nizi nikitia chumvi ili tucheke wote. Hakucheka. Yeye alizaliwa Djugu, na aliporudi kwao baada ya miaka ya kukimbia vita alikuta vigingi vya watu wengine katikati ya shamba la baba yake. Aligeuka tu, akarudi mjini kupanga chumba. Hayo aliniambia huku anazunguka gari na kuligonga ubavuni kwa vifundo vya vidole, anasikiliza. Kisha akasimama chini ya turubai na kusema, “Kivuli iko ya gari, muzee. Gari njo itaibeba. Udongo ya batu tuiache.”

Alichofanya kinaelezeka kirahisi. Badala ya kusimama ardhini, miguu ilirudi kwa mshazari hadi chini ya ubavu wa gari, kama vile rafu inavyoshikiliwa ukutani. Kazi ilikuwa pale inapoegemea. Bati la gari ni jembamba, ukifunga kitu juu ya bati tupu, upepo wa kwanza utakichana. Basi alibandua mbao za ndani, akazitafuta mbavu za gari, yaani vyuma vinavyolishika bati, moja moja, akaweka vipande vya chuma kinene upande wa ndani, ndipo akapitisha bolti. Akamfundisha mke wangu kuushusha mguu mmoja kidogo ili mvua itiririkie upande mmoja, na kuviringisha turubai mara tu upepo ukianza kuliinua. Mimi nilikuwa napita kila jioni kuuliza kama amemaliza, naye ananiambia bado. Siku ya tisa nikaona miguu imekaa, turubai limenyooka, nikalirudisha gari nyumbani, nikaenda zangu kuandika vichekesho.

Gazeti lilipotoka nilikutana naye barabarani analo mkononi, limekunjwa ukurasa wangu ukiwa juu. Nilijiandaa kwa maneno makali. Akaniambia tu, “Haikuwa siku tisa, muzee. Ilikuwa kumi.” Nilicheka, nikampigapiga begani, nikadhani amenijibu utani kwa utani. Sikufikiri tena juu ya jambo hilo.

Mke wangu alipoona miguu haigusi tena ardhi, aliacha habari ya kuuza gari, akarudi Nizi. Bibi yule yule alikuja, akainama, akachungulia chini ya miguu kutafuta mashimo. Hakuyaona. Akaenda kuleta kigoda chake akakaa kivulini mchana kutwa, na jioni akaagiza sare ya mjukuu. Hadi leo mahali pale ni pake, na asipokuja mke wangu huulizia afya yake. Nimewaza sana juu ya hilo juma hili. Wengi wetu tukitaka kivuli twaanza kwa nyundo, hata maofisini, hata makanisani: tunapigilia kwanza, ruhusa tutaomba baadaye. Fundi huyu alikuwa amepigiliwa vigingi katika shamba la baba yake, na mtu mwingine angejifunza kutoka hapo kupigilia vyake haraka zaidi. Yeye alijifunza kutengeneza kitu kinachojibeba chenyewe. Nampenda kwa hilo, na sikumwambia.

Kwenye matanga tulikuta watu wamesimama wima uani. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye kiwanja hakutaka mashimo ya nguzo za hema. Wingu lilikuwa limeshuka. Mke wangu aliniangalia, nami nikaenda kulileta gari. Tulivuta turubai, tukaiegemeza miguu ubavuni, na mvua ilipoanza kina mama walikuwa wameshakaa chini yake, na mjane akiwa katikati. Nilisimama karibu na mguu wa nyuma. Mke wangu akaniambia taratibu kwamba mguu ule ulifungwa mara mbili. Asubuhi baada ya siku ya tisa, mimi nikiwa kazini, fundi alikuja nyumbani, akagonga, akasikia mlio usiompendeza, akabandua tena mbao zote za ndani na kuanza upya. Hakuna jicho ambalo lingeona kasoro ile. Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa nimeshaandika.

Mvua ilipopungua mjane aliniita. Nilikwenda nimeandaa maneno ya rambirambi, lakini yeye ndiye aliyetangulia.

“Papa, weye njo mwenye aliandika siku tisa?”

Nikakubali kwamba ndimi niliyeandika.

“Alisemaka utatengeneza ile hesabu,” akasema. “Kila gazeti alikuwa anaangalia.”

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Mtu yule hakudai sifa wala hakutaka nimwombe radhi. Alitaka ile siku moja ihesabiwe, kwa sababu ndiyo siku aliyofanya kazi ambayo mtu hawezi kuiona, na mimi niliacha kuhesabu pale macho yangu yaliporidhika. Tangu sasa, nikitaka kusema kazi ya mtu imechukua muda gani, nitamuuliza yeye kwanza. Na ninyi mliolitunza gazeti lile, chukueni kalamu mrekebishe pamoja nami: zilikuwa siku kumi.