Kitabu Alichokikataa Eustache

Mwaka ule wa 1992 barabara ya Gatuna, mpakani na Uganda, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, na karibu kila kilichoingia Kigali kutoka pwani kilipitia Rusumo, mpakani na Tanzania: saruji, mafuta ya taa, chumvi, mitumba, na vitabu vya Eustache.

Vitabu hivyo havikuandikwa kwenye karatasi za forodha. Vilikuja chini ya viti vya madereva, vimeviringishwa ndani ya magazeti. Eustache alikuwa fundi wa breki Nyabugogo, kwenye kituo cha magari cha Kigali, na madereva wa Tanzania walimpenda kwa mambo mawili. Kwanza, lori lililotoka mikononi mwake lilisimama pale lilipoambiwa lisimame, na katika nchi ya milima hilo si jambo dogo. Pili, aliongea Kiswahili chao chenye ngeli zote, si kile cha sokoni Kigali ambacho mtu iko, gari iko na mvua nayo iko. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako baba yake alikwenda kuchuma kahawa, na huko alisoma shule ya misheni miaka saba kabla ya kurudi nyumbani na kujifunza ufundi.

Dereva mmoja wa huko Karagwe, jina lake Benon, ndiye aliyeanza. Alimuuliza, "Fundi, safari ijayo nikuletee nini?" Mafundi wengine waliomba khanga za wake zao. Eustache akasema, "Kitabu. Chochote, mradi ni cha Kiswahili."

Tangu hapo vilikuja vya kila aina: maisha ya watu wa Mungu, mahubiri, na hadithi za kale za Ulaya zilizotafsiriwa na watu waliokwisha kufa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwake Remera, mwendo wa dakika kumi kutoka baa za Gisimenti, Eustache alisugua mikono kwa sabuni na majivu mpaka grisi ikatoka kwenye kucha, akaketi barazani na kusoma. Hakuna kitabu kilichofika mikononi mwa watoto wake kabla yeye hajakimaliza na kuandika maoni yake kwenye daftari. Binti yake Kaliza, aliyekuwa na miaka kumi na sita na kusoma sekondari kwa Kifaransa, alifundishwa Kiswahili zaidi na daftari hilo kuliko na vitabu vyenyewe.

Maoni ya Eustache hayakumung'unya maneno. Kuhusu hadithi ya mtawa mmoja aliandika: "Kitabu hiki kina wema mwingi mno. Hata mbwa ndani yake hafanyi kosa. Kinamfaa mtu mwenye homa." Kuhusu riwaya ya kale ya mabaharia: "Merikebu inazama, na nahodha anajisemea mwenyewe kurasa sita. Fundi angekuwa ameshaziba tundu. Hata hivyo nililia alipokufa." Kaliza alikuwa akiwasomea wenzake shuleni sentensi hizo, nao wakacheka, naye akatembea kichwa juu.

Kanisa lao lilikuwa na ibada ya Kiswahili kila Jumapili alasiri, kwa ajili ya madereva, Wazaire, Warundi na wengine waliokulia nje. Mchungaji aliposikia habari za daftari, alimwita Eustache.

"Tumepata kabati," alisema. "Nataka liwe la vitabu vya vijana. Wewe usome kwanza, utuambie kipi kiingie."

Eustache alirudi nyumbani siku hiyo kwa miguu, ingawa alikuwa na nauli. Mtu wa breki kupewa kazi ya kupima vitabu vya kanisa zima! Alimweleza mkewe Gahongayire mara mbili, na mara ya pili akaongeza maneno ambayo mchungaji hakuyasema.

Shida ya kwanza ililetwa na kitabu kidogo cha ushuhuda chenye jalada la buluu. Eustache alikisoma kwa siku mbili, kisha akasimama mbele ya wazee wa kanisa na kusoma alichoandika:

"Kitabu kina ushuhuda arobaini. Mgonjwa anaombewa, anapona. Aliyepotea njia anaomba, anafika. Nilimtafuta mtu mmoja aliyeomba asipate, nikamkosa. Mwandishi ana imani, lakini amewafungia mlango watu wengi ninaowajua. Kiingie kabatini, ila msomaji aambiwe kwamba hii ni nusu ya habari."

Mzee Mutsinzi, mwalimu mstaafu aliyevaa koti lililopigwa pasi hata siku za joto, aliweka miwani mezani. "Fundi, unataka vijana wajifunze kwamba Mungu hasikii?"

"Hapana, mzee. Nataka wajue kwamba anasikia hata pale mtoto anapokufa."

Wote pale walikuwa wamefunga na kuomba siku tatu, miaka sita nyuma, wakati mtoto wa kwanza wa Eustache, Aimable, alipougua homa ya uti wa mgongo. Wote walikuwa wamemzika. Mchungaji aliinamisha kichwa, kisha akasema kitabu kiingie kabatini na karatasi ya maoni ya fundi ibandikwe ndani ya jalada.

Habari zikaenea. Vijana walianza kusoma maoni kabla ya vitabu. Dereva mmoja wa Zaire alimsimamisha Nyabugogo kumuuliza kama kuna hadithi inayomfaa mtu aliyegombana na kaka yake. Eustache akaanza kutembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Mwezi wa tisa Benon alileta riwaya nene ya zamani, ya nchi ya baridi, iliyochapishwa kwa bei nafuu hata kingo za kurasa zake zilikuwa bado zimeungana: msomaji alilazimika kupitisha kisu mwenyewe kila baada ya kurasa kadhaa. Ilimhusu mwanamke mjane, mwoka mikate, ambaye mwanawe wa pekee alitumbukia mtoni barafu ilipopasuka. Eustache aliisoma wakati wa mapumziko ya mchana, ameegemea gurudumu la lori. Siku ya nne alifika mahali ambapo yule mama anafunga dirisha kengele za kanisa zisimfikie, kisha anamwambia Mungu maneno ambayo Eustache hakuwahi kuyaona yamepigwa chapa. Hakuna jirani anayemkemea. Radi haipigi.

Alikifunga kitabu. Jioni ile aliandika: "Riwaya ya kale, yenye lugha nzuri. Mama ndani yake anamtukana Mungu, na mwandishi anamwacha tu. Kitabu hiki hakifai vijana. Kisiingie."

Mzee Mutsinzi alifurahi mno. Alimshika Eustache mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Sasa tunaelewana, fundi." Eustache alishukuru, lakini njiani kuelekea nyumbani furaha ile ya mzee ilimsumbua.

Jumamosi iliyofuata Kaliza alikuja barazani. "Papa, naomba kile kitabu ulichokikataa."

"Cha nini?"

"Nijue kwa nini kimekataliwa. Wewe ndiye uliyetufundisha tusichukue maneno ya mtu bila kuangalia."

Eustache alipenda kuombwa hivyo, waziwazi, bila kunyemelea. Alikitoa juu ya kabati la nguo. "Soma. Halafu uniambie kama nimekosea." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hajakosea.

Kaliza alisoma wiki nzima. Jumamosi ya pili alirudi amekishika kitabu kwa mkono wa kushoto, na kisu cha jikoni kwa mkono wa kulia. Hakuketi. Alifungua sehemu ya mwisho, akampa baba yake aone: kurasa arobaini na zaidi zilikuwa bado zimeungana kwenye kingo, hazijaguswa na kisu.

"Papa, nimefika hapa," alisema taratibu. "Sikutaka kukata kabla yako."

Eustache alitazama zile kingo. Angeweza kusema mengi: kwamba ukurasa mmoja ulitosha, kwamba mtu hahitaji kula yai zima kujua limeoza. Maneno hayo alishayaweka tayari mdomoni. Lakini alikuwa amewafundisha watoto wake kwamba kitabu ambacho hujakimaliza huna neno juu yake, na sasa alikuwa ametoa neno mbele ya kanisa.

"Yule mama alimtukana Mungu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Papa. Na kile cha buluu ulisema kimeficha watu kama yeye."

Gahongayire alikuwa ameketi kwenye mkeka hatua chache kutoka kwao, akichambua maharage kwenye ungo. Hakuwa msomaji, na kwa kawaida mabishano ya vitabu aliyaacha yapite kama upepo. Safari hii aliuweka ungo chini.

"Baba Kaliza," alisema, "mwaka ule Aimable alipotutoka, mimi niliomba?"

"Hukuomba."

"Mwaka mzima. Mlipoomba nilikuwa nageukia ukutani. Ulinifukuza?"

"Hapana."

"Ulifanya nini?"

"Niliomba kwa ajili yetu sote wawili."

"Basi," alisema Gahongayire, akachukua ungo wake.

Eustache alipokea kisu. Alikata kurasa moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anayefungua breki ambayo hajui ndani yake kimeharibika nini, akasoma alasiri yote. Mwishoni mwa kitabu, miaka mingi imepita. Yule mwoka mikate anampelekea mkate mzee aliyeutoa mwili wa mwanawe mtoni, mtu ambaye hajawahi kumtazama usoni tangu siku ile. Mzee anamkaribisha mezani na kushukuru kwa chakula. Mama yule hasemi amina. Lakini hainuki mezani.

Eustache alifuta macho kwa kiganja, na kwa kuwa kiganja hakikuwa kimetakata vizuri, kikamwachia alama nyeusi shavuni. Watoto wadogo walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Kesho yake, kwenye ibada ya alasiri, aliomba nafasi wakati wa matangazo. Kanisa lilikuwa limejaa. Alisimama na daftari lake, akafungua, akasoma tena ile hukumu ya kukataa kitabu, neno kwa neno. Kisha akasema:

"Maneno haya niliyaandika bila kumaliza kitabu. Zilibaki kurasa arobaini na mbili. Niliwadanganya, na hamkunituma hivyo. Aliyegundua ni binti yangu. Kwa hiyo leo maoni atayatoa yeye."

Mzee Mutsinzi aliinuka kwenye kiti cha mbele. "Fundi, tangu lini binti anamsahihisha baba yake kanisani?"

"Tangu baba alipokosea, mzee wangu," alisema Eustache, na akaenda kuketi.

Kaliza alikuja mbele. Mwanzoni sauti yake haikufika hata benchi la tatu. Kisha sauti ikapanda. Alieleza habari ya mwoka mikate, bila kuficha dirisha wala matusi. Alieleza meza na mkate.

"Kitabu hiki hakitufundishi kumtukana Mungu," alisema. "Kinatufundisha kumwachia mtu kiti. Yule mzee hakumwambia tubu kwanza ndipo ule. Aliomba, akammegea mkate. Nadhani humu ndani tunao watu ambao bado hawajaweza kusema amina, na wamekuja hata hivyo, wameketi nasi. Mimi ninaomba kitabu kiingie."

Alirudi kukaa. Katikati ya kanisa mwanamke mmoja mgeni, aliyekimbia vita huko Byumba na kufika mjini na watoto wawili, alijifunika uso kwa kitenge, na jirani yake akamshika bega. Gahongayire alikuwa akitazama mbele tu, mgongo umenyooka.

Mzee Mutsinzi alikuwa bado amesimama. Aliuliza, na swali lake halikuwa na hasira tena, "Yule mama, hakusema amina mpaka mwisho?"

"Hakusema, mzee," Kaliza alijibu kutoka benchini. "Lakini kitabu kimeishia hapo. Ya kesho yake hatujaambiwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, akaketi. Mchungaji akasema kitabu kiingie, na maoni ya Kaliza yabandikwe ndani. Eustache aliomba kitu kimoja tu: ile hukumu yake ya kwanza nayo ibandikwe, juu ya maoni ya binti, ili asomaye aone baba alivyokosea na mtoto alivyosahihisha.

Watu walimpongeza mlangoni. Wengine walimhurumia pia, wakidhani ameaibika. Hawakumjua. Alisimama pale mpaka kanisa likaisha watu, akimngoja kila mmoja ampe mkono na kusema, "Huyu ndiye mwenye binti." Njiani alitembea hatua moja nyuma ya Kaliza, si kwa kuchoka.

Mwezi wa kumi na moja Benon aliingia Nyabugogo na lori lenye tope la Rusumo mpaka kwenye vioo. Alishuka na kifurushi cha magazeti, na Eustache akanyoosha mkono. Benon alikivuta kifurushi nyuma.

"Samahani, Fundi. Vitabu hivi nimeagizwa na mke wangu. Nilimsimulia ya kanisani kwenu. Anasema nimpe binti asome, halafu nimrudishie maoni yake kwa maandishi. Ya kwako hakuyauliza."

Mafundi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Eustache naye alicheka, akaenda kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kukipokea kifurushi. Kisha, kwa kuwa lori la Benon lilikuwa na saa nzima ya kungoja, aliwaita wale wote waliocheka wakae, akaanza kuwasimulia upya, kutoka mwanzo, namna binti yake alivyokuja barazani na kitabu na kisu cha jikoni.