Karatasi ya Kuchoma Kisirani

Dada Luu akinikera, na hunikera karibu kila siku, huwa najiambia kwamba nimeshonea watu nguo mbele ya meza yake miaka ishirini na sita na bado sijahama, kwa hiyo kosa ni langu. Cherehani zangu ziko upande huu wa kichochoro. Yeye yuko upande wa pili, chini ya ukingo wa paa la nyumba ya kale yenye ukuta wa manjano. Ukuta huo ndio balaa letu. Wageni wanafika huku kwetu Hoi An, mji wa kale wa Vietnam, wananunua kofia za majani, wanasimama mbele ya ukuta kupigwa picha, kisha wanamgeukia Luu na kumuuliza bakuli moja ni kiasi gani. Akiwaambia, wanatabasamu na kwenda zao darajani kupiga picha nyingine.

Mimi nimeshazoea. Luu hakuzoea na hataki kuzoea. Anauza cao lau, na cao lau yake ni nzuri, nitasema hivyo hata siku ambayo siongei naye: tambi nene za rangi ya udongo zilizokandwa kwa maji ya majivu, vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, majani mabichi, na mchuzi kidogo tu chini ya bakuli. Mumewe alikufa mwaka wa mafuriko makubwa, miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwasaidia majirani kupandisha kabati ghorofani. Tangu hapo amemlea binti yake Nhan kwa meza hiyohiyo, na sijawahi kumsikia akilalamika juu ya hilo. Hulalamika juu ya mengine yote.

Sasa, kuna jambo la mteja wa kwanza. Kwetu, mtu anayekufungulia biashara asubuhi ndiye anayebeba siku yako nzima. Akinunua bila kubishana bei, watu watamiminika mpaka jioni. Akiuliza-uliza, akashika-shika, akaondoka mikono mitupu, ameacha kisirani, na kisirani huchomwa. Unawasha karatasi, unaizungusha juu ya meza, kando ya sufuria, chini ya kiti alichokalia, huku ukisema kizuri kibaki na kibaya kitoke. Wauzaji wote hufanya hivyo. Hata mimi nimefanya, kwa aibu, baada ya mtu kupotea kabisa machoni. Luu hana subira ya kungoja mtu apotee. Ameweka gazeti na kiberiti chini ya meza, karibu na mkebe wa vijiti vya kulia, na mtu akipiga hatua tatu tu moto umeshawaka. Mwaka jana mgeni mmoja alidhani anaonyeshwa utamaduni, akarudi kupiga picha. Luu alichoma gazeti zima siku hiyo.

Mara ngapi nimemwambia aache, au angalau angoje? Ananijibu kwamba mimi ninauza suti, na suti haiozi.

Haya. Nhan ana miaka thelathini na minne. Kazi yake ni kubandika hariri kwenye fremu za mianzi za taa zile zinazoning'inia mji mzima, na ni mkimya kiasi kwamba ukikaa naye saa nzima unaweza kusahau kuwa yupo. Mwaka huu alikuja dukani kwangu seremala wa mashua kutoka Cam Kim, ng'ambo ya mto, jina lake Toan, kushonesha suruali. Alimwona Nhan juu ya ngazi, akining'iniza taa mlangoni kwangu. Suruali ile aliirudisha mara nne. Mara ifupishwe, mara irefushwe, mara inambana kiunoni. Suruali haikuwa na kosa lolote. Mara ya nne nilimwambia akae, nikamwagizia chai, nikamuuliza mama yake ni nani.

Nilihangaika miezi mitano. Nilivuka mto na kurudi, nikabeba salamu, nikajibu maswali ya mama yake, Mama Khue, ambaye anauza tofu laini ya soya, ya moto, yenye sharubati ya tangawizi na ambaye hakubali kitu kabla hajakigeuza pande zote. Mwishowe akakubali. Jumapili angekuja na tambuu na popoo za posa, azungumze na Luu, ambaye hawajawahi kuonana, mambo yaanze rasmi. Nilimshonea Nhan nguo ya siku hiyo bila kumwambia ni ya nini, ingawa alijua.

Mama Khue akaja Alhamisi.

Alikuja peke yake, saa moja kasoro asubuhi, kofia kichwani kama mtu wa kupita tu. Alitaka kuona wanavyoishi siku ambayo hawajajiandaa. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini Alhamisi ile ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, siku ambayo watu hawali nyama. Wauzaji wote wenye akili siku hiyo huweka tofu na uyoga. Luu haweki. Anasema cao lau bila nguruwe ni tambi za msibani. Kwa hiyo kila siku ya kumi na tano anakosa wateja, na kila siku ya kumi na tano anaamka amenuna, anamvizia huyo mteja wa kwanza kwa macho makali.

Mimi nilikuwa ndani na bwana mmoja mrefu wa Denmark aliyetaka suti mbili kabla ya basi la saa kumi. Nilisikia sauti nje, sikuangalia. Baadaye Luu mwenyewe alinisimulia. Mama Khue alikaa, akavua kofia, akauliza kama kuna isiyo na nyama. Luu akamjibu kwamba isiyo na nyama aende akaitafute hekaluni. Mama Khue hakuondoka. Akafunua sufuria akanusa. Akauliza tambi anakanda nani, maji anachota kisima gani, ana watoto wangapi, huyo binti ana umri gani, afya yake ikoje. Kisha akainuka, akasema ngoja azunguke kidogo.

Ngoja nizunguke kidogo. Maneno hayo Luu huyasikia mara thelathini kwa siku.

Nilipotokeza kichwa mlangoni, Luu alikuwa ameinama na gazeti linalowaka, anazungusha moto chini ya kiti. Na Mama Khue alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amesahau kofia. Nilitoka mbio, tepu shingoni, bwana wa Denmark amebaki na mkono mmoja wa koti, lakini ningefanya nini? Mama Khue alinyoosha mkono juu ya moto, akachukua kofia yake, akaikung'uta majivu.

"Nimeuza tofu miaka thelathini na mmoja," alisema taratibu. "Nimewachomea wengi. Sikujua mtu anajisikiaje akichomewa."

Akaenda zake. Luu akanitazama, bado ameshika kipande cha gazeti.

"Nini? Amenifunulia sufuria, ameniuliza hadi afya ya mtoto, hajanunua hata kijiti."

"Dada, huyo ni mama yake Toan."

Niliona habari ikimwingia polepole, na moto ukamfikia vidoleni, akautupa. Ungedhani angeomba radhi, angenituma nimkimbilie yule mama. Wapi. Alisema yule mama angejitambulisha kwanza. Alisema mkwe gani huja mikono mitupu siku ya kumi na tano. Alisema hayo mchana, akayasema jioni wakati anaosha mabakuli, na mimi nikafunga mlango wangu kwa nguvu ili asikie.

Ijumaa Toan alinipigia simu. Alisema mama yake hatakuja Jumapili. Nyumba iliyomchomea karatasi hawezi kuipelekea tambuu. Aliongea kwa sauti ya chini, na nyuma yake nilisikia randa ikipita kwenye mbao, baba yake anafanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Nilivuka kichochoro nikamwambia Luu. Nhan alikuwa ameshafika kutoka kazini, vidole vimejaa gundi. Luu akaanza tena habari ya kujitambulisha.

"Mama," Nhan alisema, "ninamtaka."

Luu akamgeukia.

"Sijawahi kukuomba kitu. Nikitoka shule nilikuja kuosha mabakuli, sikukuomba hata siku moja ya kupumzika. Huyu mtu ninamtaka. Nenda kamwombe radhi mama yake."

Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, tukamsikia akikwangua gundi kwenye vidole. Luu aliifunika sufuria, kisha akaniambia mimi, siyo binti yake, kwamba kesho tunakwenda.

Jumamosi hakufungua meza. Nilimpakia kwenye pikipiki yangu, sote ndani ya koti moja la mvua, maana ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Njia nzima alinikosoa: nakwenda kasi, nakwenda pole, mbona nimepita dimbwini. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwenye soko dogo la Cam Kim. Mama Khue alikuwa chini ya turubai lake, chungu cha tofu mbele yake, kimejaa mpaka juu, mvuke unatoka. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nikafurahi. Mtu yuko peke yake, ni kwenda, kuinamisha kichwa, kusema maneno, kumaliza. Luu akanivuta mkono, akasimama chini ya paa la duka la dawa hatua ishirini kutoka pale.

"Hajafungua," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tungoje apate mteja. Mimi ni mjane, Xuyen. Nimemchomea karatasi, halafu niende niwe wa kwanza kwenye chungu chake?"

Nilitaka kumtukana. Kisha nikakumbuka kwamba kwetu mjane akitangulia husemwa ameleta kisirani, na kwamba miaka yote hii hajawahi kuja kwangu siku ya mwaka mpya kabla ya adhuhuri. Watu wote wa kichochoro huja, yeye huja wa mwisho, wakati vyakula vimeshapoa. Nilidhani ni maringo. Nimemsema kwa watu kwamba ana maringo.

Tulisimama saa nzima. Mvua haikupungua na mteja hakuja. Mama Khue alikuwa ametuona tangu mwanzo, anakoroga sharubati yake bila kututazama. Mwishowe alipaza sauti.

"Nyie wawili mtaota mizizi hapo."

"Uza kwanza, mama," Luu alijibu. "Tutakuja."

"Nimuuzie nani, mvua?"

Luu alisogea hatua chache, akasimama mvuani, asiingie chini ya turubai. Maji yalimtiririka usoni. "Mimi sina mume," alisema. "Alikufa kwenye yale mafuriko. Tangu hapo sijatangulia kwenye mlango wa mtu wala kwenye chungu cha mtu. Nimekuja kukuomba radhi, lakini radhi inaweza kungoja. Uza kwanza."

Mama Khue aliacha kukoroga. Nilimwona akikiangalia chungu, na nilijua anachofikiria, kwa sababu muuza chochote angefikiria hivyohivyo. Chungu kile ni kazi yake ya tangu usiku. Tofu haikai mpaka kesho. Alifunika, akafunua, akafunika tena. Kisha akachukua bakuli, akakwangua tofu kwa upawa wake bapa, akamimina sharubati, akaliweka mbele ya kiti kitupu.

"Njoo unifungulie," alisema.

Luu alikaa. Alikula kijiko kimoja, cha pili, akameza, na mimi nikashusha pumzi.

"Tangawizi ni kidogo," alisema Luu.

Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Mama Khue alimtazama, akaongeza tangawizi bila neno. Luu akamaliza bakuli, akatoa pesa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akalipa bila kuuliza kwa nini bei iko hivyo. Mama Khue akaipitisha ile noti juu ya chungu mara tatu, kama tunavyofanya na pesa ya kwanza.

"Nilikosa," Luu alisema. "Nilikuwa naogopea siku yangu, sikumtazama mtu."

Mama Khue alisema sawa, tukae, mvua itakatika.

Haikukatika. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Wauzaji wa samaki wakafunga. Mwanamke mmoja alipita na mwavuli, Luu akanyanyuka nusu kwenye kiti, yule akapita. Nilikula mabakuli mawili nisiyoyataka. Kila mtu alipopita Luu alizidi kusinyaa, na saa tano chungu kilikuwa bado kimejaa. Akaanza kulia, kwa hasira, anajifuta kwa mkono wa koti la mvua.

"Nilikuambia," alimwambia Mama Khue. "Nilisimama pale nikakuambia."

Nilikuwa nimechoka, nimelowa, nimewachoka wote wawili, na nilijua kwamba miezi yangu mitano inamalizikia kwenye kile chungu. Mama Khue alifunua akatazama ndani. Tofu ilikuwa imeanza kutoa maji pembeni. Akatazama barabara yote, huku na huku, haikuwa na mtu. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia mwanawe, akamwambia alete mabakuli makubwa ya nyumbani na amwambie baba yake aweke chai.

"Na wewe," alimwambia Luu, "mpigie binti yako avuke. Tofu hii hatuimalizi watu watano."